Vazi la Koko: Je, ni Hasara?



Jumapili moja baada ya ibada, sisi tuliobaki chini ya mgunga nje ya kanisa tulianza mazungumzo ambayo hatukuyamaliza siku ile, wala hatujayamaliza mpaka leo. Jambo lenyewe ni dogo kwa kulitazama. Mama mmoja mzee wa mtaa wetu hapa Malambo, ambaye sote humwita Koko, anamshonea mjukuu wake vazi la arusi. Si gauni. Anashona kwa mkono vazi la ngozi lililopambwa kwa ushanga, lile walilovaa bibi zetu, ambalo kwa Kimaasai huitwa olokesena. Alianza wakati wa mvua za vuli. Masika yamekuja na kupita, na Koko bado anashona.

Ndipo maneno yakaanza. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwamba vazi lile ni la ushenzi, na kwamba wazazi wetu walipobatizwa waliliacha pamoja na mambo mengine ya giza. Mwalimu mmoja alisema kwamba ushenzi si hoja, hoja ni hasara: fedha za ushanga zingenunua mbuzi, na miezi yote hii mama mzee angeweza kuyapumzisha macho yake, maana gauni jeupe la shela lapatikana mjini kwa kukodi, likavaliwa siku moja na kurudishwa. Naye mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama aliuliza kwa upole kama mapambo yote yale si majivuno, akatukumbusha aliyoyaandika Mtume Petro juu ya mapambo ya wanawake.

Wote watatu ni watu wanaompenda Mungu, na hakuna aliyesema kwa chuki. Kwa hiyo tumeona yafaa kuyapima maneno yao hapa, kwa sababu swali hili si la Koko peke yake. Je, ni halali mtu kutumia nguvu nyingi na muda mwingi namna ile kwa ajili ya uzuri tu? Na je, kitu cha kale tulichokiacha, tunayo ruhusa kukichukua tena, na kwa masharti gani?

Wasomaji wetu vijana wengi hawajaiona kazi hii ikifanywa, basi kwanza tuieleze. Ngozi za kondoo huwambwa chini juani kwa vigingi, zikakwanguliwa nyama na mafuta mpaka ziwe safi, na manyoya huondolewa. Kisha hupakwa mafuta na kufikichwa kwa mikono, siku baada ya siku, mpaka ngozi iliyokuwa ngumu kama ubao ilainike na kukunjika kama nguo. Hukatwa kwa kisu, na vipande huunganishwa. Zamani uzi ulikuwa kano za mgongo wa ng'ombe, zilizokaushwa, zikachanwa nyembamba na kusokotwa pajani. Ngozi hutobolewa kwanza kwa chuma chenye ncha kali, ndipo uzi hupitishwa, tundu moja baada ya jingine. Baada ya hapo huja ushanga. Shanga chache hutungwa katika uzi, zikalazwa juu ya ngozi katika mstari, zikashikizwa kwa mshono, kisha chache nyingine, na nyingine tena, mpaka upindo wote ufunikwe. Hakuna mchoro. Koko hana karatasi wala rula, huhesabu kichwani, na akikosea hesabu ya rangi hufumua.

Wala tusidhani kwamba Koko ni mtu wa kukataa vitu vipya. Yeye anashona kwa sindano ya chuma na uzi wa nailoni aliouagiza Karatu. Tulipomwuliza kwa nini hatumii kano, alicheka akasema, "Bibi yangu angeipata sindano hii, asingeikataa." Na kwa kuwa macho yake yamechoshwa na vumbi na moshi wa miaka mingi, kutia uzi katika tundu la sindano hawezi tena. Kazi hiyo hufanywa na wasichana wanaokaa karibu naye wakirudi kutoka shule. Wao humtilia uzi, naye huwafundisha kuhesabu.

Sasa tuje kwa neno la mzee wetu wa kanisa, kwamba vazi hili ni la ushenzi.

Twaanza na jambo ambalo huenda wengi hawakulifikiri. Tukisoma Mwanzo 3, mstari wa 21, twaona ya kwamba nguo za kwanza ambazo Biblia yasema Mungu mwenyewe alimfanyia mwanadamu zilikuwa za ngozi. Adamu na mkewe walikuwa wamejishonea majani, na Mungu akawafanyia kitu bora kuliko majani. Hakuwafanyia kitani wala hariri. Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo ngozi ni takatifu. Twasema tu kwamba haiwezekani ngozi yenyewe iwe ushenzi, kama Mungu hakuona haya kuigusa na kumvika nayo mtu aliyekuwa ametoka kutenda dhambi.

Tena tuangalie hilo gauni jeupe tunalolidhani kuwa ndilo la Kikristo. Hakuna mahali katika Maandiko ambapo bibi arusi ameamriwa kuvaa gauni jeupe la shela. Desturi hiyo ilienea Uingereza na kwingineko baada ya Malkia Victoria kuolewa mwaka 1840 akiwa amevaa nyeupe. Kabla ya hapo hata huko Ulaya maarusi wengi walivaa rangi yo yote, kila mmoja nguo yake iliyo njema kupita nyingine. Ni desturi nzuri, nasi hatumlaumu ye yote aliyeolewa nayo. Lakini ni desturi ya watu, kama vile olokesena ilivyo desturi ya watu. Injili ilikuja kwetu ikiwa imefungwa katika nguo za waliotuletea, na si vibaya kuitoa Injili katika nguo zile na kuitambua ilivyo. Padre Vincent Donovan wa Kanisa Katoliki, aliyefanya kazi huku Loliondo katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, alifikiri sana juu ya jambo hili hili alipokuwa akikaa na wazee wa Kimaasai bomani mwao. Na katika Kanisa letu la Anglikana, Askofu Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alithubutu kuichukua jando ya watu wa kusini, akaondoa ndani yake yale yasiyopatana na imani, na kuibariki iliyobaki. Watu walibishana naye, na mabishano mengine yalikuwa ya haki. Lakini hakukubali kwamba kila cha kale hutupwa kama takataka.

Hata hivyo wale wanaosema kwamba vazi hili ni letu tangu milele, nao wasiseme kwa haraka. Ngozi ni za kondoo wetu, ndiyo, lakini ushanga umetoka mbali. Ule wa kioo ulifanywa Venice na katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Ukavuka bahari, ukapandishwa bara na misafara ya watu wa pwani. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita katika nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alilazimika kusimamisha msafara wake kule Taveta ili watu wake watunge upya makumi ya maelfu ya nyuzi za ushanga, kwa kuwa aliambiwa Wamaasai hawatazipokea isipokuwa zimetungwa kwa namna waitakayo wao. Wazee wetu walikipokea kitu cha ugenini, lakini walikitawala. Walikipa kipimo chao, na rangi wakazipa maana zao: nyeupe wakaona maziwa, nyekundu wakaona damu, kijani wakaona majani ya malisho, na buluu wakaona mbingu, ambako neno letu Enkai hutaja Mungu na mvua pamoja. Basi hata hilo tunaloliita la asili ni kazi ya watu waliojua kuchagua. Watu husema mwacha mila ni mtumwa. Nasi twaongeza kwamba mshika mila asiyeuliza swali, naye pia ni mtumwa.

Kwa sababu hiyo hatuna budi kuuliza swali lililo gumu zaidi, nalo mzee wetu wa kanisa hakulikosa. Vazi hili lilivaliwa na nani, na siku gani? Baadhi ya bibi zetu walivikwa wakiwa watoto, baada ya kukeketwa, wakapelekwa kwa waume ambao hawakuwachagua, wengine wakiwa hawajafika hata miaka 15. Ngozi ilikuwa laini na ushanga ulikuwa mzuri, na ndani yake mlikuwa na mtoto analia. Jambo hili hatuwezi kulifunika kwa maneno matamu juu ya utamaduni. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kabla ya sheria, dhamiri ya Kikristo ilikuwa imekwisha kulikataza. Kama Koko angekuwa anashona ili kulirudisha jambo hilo, sisi tungekuwa wa kwanza kumwomba aitue sindano.

Lakini sivyo ilivyo. Mjukuu wake ana miaka 24. Amemaliza masomo yake, hakukeketwa, na kijana anayemwoa amemchagua mwenyewe. Tena vazi ni yeye aliyeliomba. Koko mwenyewe alisita, akamwuliza mara mbili kama ana hakika. Kisha alimwambia neno ambalo mjukuu alituruhusu kulirudia hapa: "Langu nilivikwa. Lako umeliomba. Kwa hiyo nitalishona."

Ndugu, katika neno hilo tumeona kwamba ngozi ni ile ile na ushanga ni ule ule, lakini vazi si lile. Kitu cha kale kikichukuliwa na mtu huru, kwa hiari yake, bila kumwumiza mtu, na mbele ya madhabahu ya Bwana, hakirudi kuwa kilivyokuwa.

Tulipofika hapo, mzee wetu alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba analiogopa vazi hili kwa sababu nyingine. Yeye anakumbuka mwaka 1967 na 1968, serikali ilipofanya kampeni katika Mkoa wa Arusha ya kuwavika Wamaasai nguo za kisasa. Nia iliyotajwa ilikuwa maendeleo na heshima ya taifa. Ngozi, lubega na udongo mwekundu viliitwa aibu, na watu walikataliwa kupanda mabasi kwa sababu ya walivyovaa. Yeye alikuwa kijana, akaona mama yake akishushwa njiani. Tangu siku hiyo, alisema, akiona ngozi na ushanga huona aibu kwanza, hata kabla ya kufikiri. Hatukujua. Tumeketi naye kanisani miaka mingi, na hatukujua kwamba neno lake "ushenzi" alilipokea kwa watu waliomwaibisha mama yake.

Na sisi wa kanisa hatuna mikono safi. Baadhi yetu tunakumbuka mama aliyekuja ibadani, hapo zamani, amevaa ngozi na kujipaka mafuta, akaonyeshwa mahali pa kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake amewakemea wale wanaompa kiti kizuri mwenye nguo za fahari na kumweka maskini chini. Sisi tulisoma maneno hayo siku nyingine, tukadhani yamesemwa kwa watu wengine.

Sasa neno la mwalimu wetu, la hasara. Hili lina nguvu zaidi katika nchi kavu kama yetu. Tumeuona ukame wa 2009, na ule wa 2021 na 2022, ng'ombe walipoanguka mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kuuliza kwa nini fedha zinunue shanga.

Hoja hii ni ya zamani sana. Katika Marko 14 mwanamke alivunja kibweta cha marhamu ya thamani nyingi akaimimina juu ya kichwa cha Bwana, na watu wakanung'unika kwamba ingaliuzwa kwa dinari zaidi ya 300 wapewe maskini. Hesabu yao ilikuwa sahihi, nayo Bwana hakuikosoa. Alichosema ni kwamba mwanamke yule ametenda tendo jema, na kwamba maskini wapo siku zote, nao wanaweza kutendewa mema wakati wo wote. Maana yake si kwamba maskini wangoje. Maana yake ni kwamba asiyewapa maskini siku nyingine zote asijifanye mtetezi wao siku ile anapoona upendo wa mtu mwingine.

Tena tutazame Kutoka 35 na 36. Wana wa Israeli walikuwa jangwani, watu wa kutangatanga na mifugo, kama sisi. Na hapo hapo jangwani Mungu alimjaza Bezaleli roho yake apate kuwa stadi wa kazi za mikono, na wanawake wenye ujuzi wakasokota nyuzi kwa mikono yao. Yaani Mungu hakungoja mpaka watu wafike katika nchi ya maziwa na asali, ndipo awape ruhusa ya kufanya vitu vizuri. Lakini soma pia mbele kidogo: watu walipoleta vitu kupita kiasi, Musa aliwazuia. Uzuri nao una kipimo chake. Kuna siku ambayo ni lazima kusema, basi, yatosha.

Kipimo hicho ni kipi? Sisi tumekifikiri hivi. Mtu anaweza kutoa kwa ukarimu kilicho chake, lakini hawezi kuwa mkarimu kwa chakula cha mwenziwe. Kama Koko angeuza mbuzi wa maziwa ambaye watoto wa boma wanamtegemea, au kama mwanawe angekopa ili arusi iwe ya fahari, vazi lile lingekuwa hasara, hata lingalikuwa zuri namna gani. Twawajua watu waliokopa kwa ajili ya magari ya kukodi, mziki na keki, wakamaliza mwaka wa kwanza wa ndoa wakilipa madeni, na hakuna aliyeita mambo hayo ushenzi. Koko amenunua ushanga kidogo kidogo, kwa fedha za kuku na mayai yake. Kilichobaki, ambacho ndicho kikubwa, ni muda wake. Na muda huo ni wake mwenyewe kuutoa. Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wazee. Gauni la kukodi ni rahisi kweli, lakini hurudi dukani jioni ile ile, likamngoja mwingine.

Wala hatusemi kwamba mkono ni mtakatifu na cherehani ni dhambi. Cherehani za akina mama wetu zimeshona sare za shule za watoto wengi, nasi twamshukuru Mungu kwa kila moja. Mtoto anayehitaji sare Jumatatu asishonewe kwa miezi minane! Lakini kuna kazi ambayo wepesi wake ungeiharibu. Mtu anayeshona kwa mkono kwa miezi mingi kwa ajili ya mtu mmoja, hawezi kuepuka kumfikiri mtu huyo. Koko hulazimika kumwita mjukuu aje asimame, apimwe kiuno, apimwe urefu, aseme kama panambana. Katika kupimwa huko wameongea mambo ambayo, kwa maneno ya mjukuu mwenyewe, hawakuwahi kuyaongea maisha yao yote: jinsi Koko alivyoolewa, aliyoyaogopa, watoto aliowazika, na jinsi alivyoanza kusali. Hayo yote yameingia katika vazi. Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea, kama tusomavyo katika Matendo 9. Walikuwa wakilia huku wamezishika, kwa kuwa katika kila mshono walimwona yeye.

Jambo jingine lilitokea ambalo lilitufundisha. Mgeni mmoja wa kutoka ng'ambo, akipita kwenda upande wa Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai, aliliona vazi likiwa nusu. Kupitia kwa dereva wake akataka kulinunua, akataja fedha nyingi, nyingi kuliko Koko alizowahi kushika. Koko alimwambia dereva, "Mwambie bei yake naijua, lakini mwenye vazi yupo." Akaendelea kushona. Sisi hatusemi kwamba kuuza ushanga ni kosa. Akina mama wengi wa kwetu huuza mikufu na bangili kwa watalii, na kwa fedha hizo watoto wanasoma. Vitu hivyo vimefanywa ili viuzwe, na anayevinunua amewatendea haki akilipa bei ya haki. Lakini kuna vitu vilivyo na mwenyewe. Tangu mwaka 2017 Wamaasai wa Tanzania na Kenya wamekwenda kuviona vitu vya wazee wetu vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers kule Oxford. Kati ya vitu vile walitambua vitano ambavyo, kwa desturi yetu, mtu hawezi kuviuza wala kumpa mgeni, kama vile bangili ambayo mwana huirithi kwa baba yake. Vilikuwa vimetunzwa vizuri, vimeandikwa namba, havikuharibika. Lakini watu wao hawakuwapo.

Hapo tulikumbuka msalaba. Yohana, sura ya 19, asimulia kwamba kanzu ya Bwana ilikuwa haina mshono, imefumwa yote tangu juu. Injili haimtaji aliyeifuma, lakini mikono ya mtu ilikaa muda mrefu juu ya kazi ile. Askari waliiona kwamba ni kazi nzuri, wakakubaliana wasiipasue, wakaipigia kura. Watu wale walijua thamani ya vazi. Na mwenye vazi alikuwa juu yao, anakufa, wasimtazame.

Tumefikiri sana juu ya askari wale, na twadhani kwamba ndipo penye jibu la mabishano yetu yote. Anayelipenda vazi na kumsahau aliyelivaa, afanya kama wao. Lakini na yule anayelichukia vazi akamshusha aliyelivaa katika basi, au akamketisha nyuma kanisani, naye ameliona vazi asimwone mtu. Na wale wa zamani waliompamba mtoto wa kike kwa mikono ya ustadi bila kumwuliza kama anataka kuolewa, nao waliliona vazi wasimwone mtu. Makosa haya matatu yanaonekana kuwa mbali mbali, hata wenye kuyatenda hubishana wao kwa wao, lakini ni kosa moja. Bwana wetu alifundisha kwamba sabato ilifanywa kwa ajili ya mwanadamu. Sisi twathubutu kusema vivyo hivyo juu ya vazi, liwe la ngozi au la hariri: ni kwa ajili ya mtu, na likiacha kuwa kwa ajili ya mtu, uzuri wake hauliokoi.

Basi tumjibu na dada yetu wa Umoja wa Akina Mama. Mtume Petro hakuwakataza wanawake wasiwe na nguo nzuri. Aliwaonya wasiufanye huo kuwa uzuri wao wote, wakasahau utu wa ndani ulio mpole na mtulivu. Zaburi ya 45 yamwonyesha binti wa mfalme akiletwa katika nguo zilizotiwa taraza, na Ufunuo 21 waufananisha mji mtakatifu na bibi arusi aliyepambwa. Majivuno yanaweza kukaa katika ushanga, na yanaweza kukaa vilevile katika shuka lililochakaa. Dawa yake ni kuuliza: nimevaa ili ndugu yangu ajione mdogo, au ili afurahi pamoja nami? Dada yetu alisema kwamba swali hilo atakwenda nalo nyumbani, maana linahusu pia vitenge vya sare tunavyovinunua kila sikukuu, na akina mama wasioweza kununua wakabaki nyumbani kwa aibu. Hilo hatukuwa tumelifikiri.

Hatuwezi kusema kwamba sote tumekubaliana. Mwalimu bado aona kwamba miezi minane ni mingi. Mzee wetu wa kanisa hajasema kwamba atakuja arusini, lakini wiki iliyopita tulimkuta ameketi penye boma la Koko, akitazama kazi, na mikono yake ikipapasa upindo wa ngozi taratibu. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa na buluu nyingi zaidi. Koko hakumjibu. Aliichukua kopo ya shanga za buluu, akaisogeza karibu naye.

Arusi itakuwa baada ya Mikaeli na Malaika Wote, Bwana akipenda. Kama vazi litakuwa limekwisha, tutalibariki pamoja na maarusi. Kama halijakwisha, mjukuu amesema atalivaa hivyo hivyo, upande mmoja ukiwa na ushanga na mwingine ngozi tupu, nasi tutambariki vivyo hivyo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi:

1. Ni kitu gani cha wazee wetu ambacho tumekiacha kwa sababu ya imani, na ni kipi tulichokiacha kwa sababu ya kuona haya tu? Tunaweza kuvitofautisha?

2. Soma Marko 14:3–9. Je, tumewahi kuwataja maskini ili kumzuia mtu asitende tendo la upendo? Na je, tumewahi kuutaja upendo ili tusiwape maskini?

3. Katika arusi za mtaa wetu, ni nani anayelipa gharama ya fahari yetu?

4. Ni nani aliyeketishwa nyuma katika kanisa letu, na bado yuko nyuma?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe nanyi nyote.